Mtoto wa siku 25 analia kila jioni na maziwa ya mama "yamepungua", tumwanzishie kopo?

"Habari za kazi sista. Mimi na mke wangu tumepata mtoto wetu wa kwanza, wa kike, leo ana siku 25. Alizaliwa kwa operesheni akiwa na kilo 2.9, tulivyoruhusiwa alikuwa na 2.7, kliniki ya siku ya 14 alikuwa 3.0. Shida ni kwamba kila siku kuanzia saa moja usiku mpaka saa nne hivi analia balaa, ananyonya dakika tano anaachia analia, anataka tena, anaachia. Mchana analala vizuri tu, hata masaa manne, na pampasi anajaza kama saba nane hivi kwa siku. Mama yangu yuko hapa Dar kutusaidia, anasema mtoto ana njaa, maziwa ya mke wangu ni mepesi na yamepungua, na kweli mwanzo matiti yalikuwa yanajaa mpaka yanadondosha ila siku hizi yamekuwa laini. Juzi alijikamua akapata kama vijiko viwili akaanza kulia. Mama anataka tumpe kopo usiku, gripwota au dawa ya mchango, na maji kidogo maana joto ni kali. Pia kasema nilale sebuleni mpaka arobaini ipite tusije tukambemenda mtoto. Mke wangu halali hata mtoto akilala, hali vizuri, anajifungia bafuni analia, na juzi kasema mtoto angepata mama mwingine angekuwa na bahati. Naomba ushauri wako, kopo gani ni zuri kwa umri huu?"

Mdogo wangu, hongereni sana kwa kupata mtoto, na hongera wewe binafsi kwa kuandika uzito wote tena kwa tarehe, maana baba wengi nikiwauliza mtoto ana kilo ngapi wananiangalia tu. Swali lako la kopo nitalijibu. Ila nikuambie mapema nilichokiona nilivyosoma mara ya kwanza na ya pili: kwa maelezo haya mtoto wako anaonekana mzima, na anayenitia wasiwasi ni mama yake, ambaye umemtaja mwishoni kwa sentensi moja kisha ukarudi kuuliza kopo. Kesho asubuhi, usisubiri wiki ijayo wala hiyo arobaini, mpeleke mke wako kliniki pamoja na mtoto. Sababu nitaeleza, lakini lazima nianze na maziwa, kwa sababu hofu ya maziwa ndo inamla huyo mama na ikibaki ndani ya nyumba hata usingizi hautampata.

Tuanze na mizani. Mtoto alizaliwa na 2.9 akatoka hospitali na 2.7, hiyo ni karibu asilimia 7, na watoto karibu wote wanapungua siku za mwanzo, sisi tunaanza kukunja uso ikikaribia asilimia 10. Tunategemea arudi kwenye uzito wa kuzaliwa ndani ya wiki mbili. Wa kwako siku ya 14 alikuwa ameshaupita, na hapo kumbuka mama alitoka operesheni, ambapo maziwa mara nyingi yanachelewa kidogo kushuka. Kuanzia hapo mtoto anaongeza gramu 20 mpaka 30 kwa siku. Piga hesabu: siku 11 zimepita tangu apimwe, kwa hiyo kesho mkifika kliniki mizani inatakiwa isome kama 3.2 au zaidi. Ikisoma hivyo habari ya njaa imekwisha, mtoto mwenye njaa hanenepi. Ikisoma 3.05 tunaongea mengine na nitakuja kwenye hilo. Mpimeni akiwa mtupu, na kama inawezekana iwe mizani ile ile ya siku ya 14, manake mizani mbili tofauti zinaweza kugombana kwa gramu 100 mkaja kugombana na nyie bure.

Shahidi wa pili ni pampasi. Mtoto wa zaidi ya siku tano anatakiwa alowanishe vizuri walau sita kwa masaa 24, wewe umesema saba nane. Shida ya pampasi za kisasa ni kwamba zinanyonya sana, mtu anaweza kudhani kavu kumbe mtoto kakojoa au kinyume chake. Fanya hivi, chukua pampasi mpya mimina vijiko vitatu vya chakula vya maji ndani yake, shika mkononi, huo ndo uzito wa mkojo wa kutosha, alafu linganisha na anazovaa. Mkojo uwe mweupe au njano ya mbali. Ukiona mkojo wa njano iliyokolea na pampasi nne kwa siku, hapo mtoto hapati kitu. Choo kwa umri huu kiwe cha njano, laini, wengine kina punje punje kama mbegu, wala hiyo siyo kuharisha.

Sasa haya matiti yaliyokuwa laini. Hapa ndipo nyumba nyingi zinapoingia mtegoni. Wiki mbili za mwanzo mwili wa mama haujui mtoto anakunywa kiasi gani, kwa hiyo unatengeneza kwa kukisia, tena unazidisha, na ule ujazo mnaouona ni maziwa pamoja na damu na maji yaliyojaa kwenye ziwa lenyewe. Ikifika wiki ya tatu au ya nne mwili umeshajua hesabu, unatengeneza kinachohitajika, uvimbe unaisha, ziwa linakuwa laini na haliachii ovyo tena. Yaani ulaini ni dalili kwamba mambo yamekaa sawa, na bahati mbaya unatokea wiki zile zile ambazo kilio cha jioni kinapanda, basi watu wanaunganisha viwili hivyo na hukumu inatolewa: maziwa yamekauka.

Na vile vijiko viwili alivyokamua juzi visiwatishe. Maziwa hayatoki kwa kuminya tu, yanasukumwa na homoni inaitwa oksitosini, ambayo inaachiwa mtoto akinyonya, mama akimnusa, akiwa ametulia. Mama akiwa na hofu, uchovu, na watu wawili wamesimama mlangoni wanasubiri kuona yatatoka mangapi, homoni hiyo inakwama. Maziwa yamo ndani, hayashuki. Hata mama mwenye maziwa ya kulisha mapacha anaweza kukamua akapata kidogo, kwa hiyo kukamua hakupimi kitu hapa. Habari ya "mepesi" nayo: maziwa ya mama yana maji karibu asilimia 88, lazima yaonekane mepesi mbele ya maziwa ya ng'ombe, na yale ya mwanzo wa kunyonya ndo mepesi zaidi, mafuta yanazidi kadiri ziwa linavyoelekea kuisha. Ndo maana tunasema amalize ziwa moja kwanza kabla ya kumhamishia lingine.

Haya, kwa nini basi analia jioni kama ameshiba? Watoto wachanga duniani kote, wa huku kwetu na wa Ulaya, wanaonyonya na wa kopo, kilio chao kinaanza kuongezeka wiki ya pili, kinafika kilele karibu wiki ya sita, kinapungua taratibu mpaka miezi mitatu au minne, na kimejaa zaidi kuanzia jioni mpaka usiku wa mapema. Ubongo wake bado haujui kujituliza, umepokea mwanga, sauti, watu, joto siku nzima na jioni unazidiwa. Wakati huo huo jioni ziwa lina maziwa machache kidogo kuliko alfajiri ila yenye mafuta zaidi, kwa hiyo mtoto ananyonya mara nyingi kwa karibu karibu, dakika tano anaachia, dakika kumi anarudi. Ukiangalia kwa macho unaona njaa. Kinachofanyika pale ni kwamba anajaza tumbo kwa ajili ya usiku, anajibembeleza, na pia anatoa oda ya maziwa ya kesho. Na kwako kuna kitu kingine kidogo, analala masaa manne mchana bila kunyonya. Mchana mkiona masaa matatu yamepita muamsheni, mfungueni nguo, anyonye, msimwekee giza wala kunyamaza mchana, usiku ndo muweke giza na sauti za chini. Saa ya mwilini ya mtoto inaanza kukaa vizuri kwenye miezi miwili mitatu, kabla ya hapo mnamsaidia tu.

Mtoto wa siku 25 yuko wiki ya nne. Maana yake kilio kinaweza kuongezeka kidogo kabla hakijapungua. Nasema wazi ili wiki ijayo kikiongezeka usije ukadhani ushauri umeshindwa.

Turudi kwenye kopo. Ziwa linafanya kazi kama muuza maandazi anayejua biashara yake, yakiisha mapema kesho anakanda unga mwingi, yakibaki kesho anapunguza. Maziwa yanayobaki ndani ya ziwa yanatuma taarifa ya kupunguza. Ukimpa mtoto mils 60 za kopo saa mbili usiku atalala fofofo, kweli, maana maziwa ya kopo yanakaa tumboni muda mrefu, na nyumba nzima itasema "mnaona? alikuwa na njaa". Ila ziwa lile lililotakiwa kunyonywa saa mbili, saa tatu, saa nne limekaa limejaa, na usiku ndo prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa, inapanda juu kabisa. Ukifanya hivyo wiki mbili kila siku maziwa yatapungua kweli, na hapo mama yako atakuwa amesema kweli lakini kwa kuchelewa. Nimewaona wengi sana wameanza na kikombe kimoja cha usiku, mwezi wa pili wanakuja kliniki mtoto yuko kwenye kopo tupu na kopo la gramu 400 halimalizi wiki, baba anaanza kuongeza maji ili lifike mwisho wa mwezi.

Sisemi kopo ni sumu. Yapo mazingira ninalishauri mwenyewe: mtoto haongezeki uzito hata baada ya kurekebisha anavyoshika ziwa, mama mgonjwa sana, mama anatumia dawa ambazo haziendani na kunyonyesha, au mama amefika mahali ambapo kunyonyesha kunamuumiza akili na ameamua kwa akili timamu. Kama kesho mizani itasoma vibaya, kitu cha kwanza muuguzi amwangalie mtoto anavyonyonya, kidevu kimegusa ziwa, mdomo umefunguka wazi, sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu imeingia mdomoni, anasikika akimeza. Waliotoka operesheni wengi wanamshika mtoto vibaya kwa sababu wanakwepa kidonda, basi ajaribu kunyonyesha amelala ubavu, au mtoto akae kwapani miguu ikielekea nyuma. Cha pili aongeze mara za kunyonyesha zifike 8 mpaka 12 kwa siku na akamue baada ya hapo, mtoto apewe hayo ya kukamua kwa kikombe. Ikishindikana ndo kopo, na liwe lile la mtoto wa kuanzia siku 0 mpaka miezi 6. Haya ya miezi sita na kuendelea hayamhusu, na maziwa ya ng'ombe kabla ya mwaka mmoja hayamhusu kabisa. Umeniuliza la kampuni gani, kusema ukweli tofauti ni ndogo, yote yanatakiwa yafuate kiwango kimoja, tofauti kubwa ipo kwenye mikono inayoyakoroga: maji yachemke kabisa, yasipoe zaidi ya nusu saa kabla ya kuchanganya, kipimo ni kile kijiko cha ndani ya kopo na maji yaliyoandikwa bila kupunguza wala kuongeza, kisha unayapoza mpaka vuguvugu ndo anakunywa, apewe kwa kikombe kidogo badala ya chupa, na yakikaa masaa mawili mwaga.

Maji usimpe. Joto la Dar nalijua, na mimi linanitoa jasho hapa, ila nimeshasema maziwa yenyewe karibu yote ni maji, akiwa na kiu atanyonya. Maji yanajaza tumbo dogo bila chakula, yanaleta kuharisha, na yakizidi yanapunguza chumvi kwenye damu ya kichanga mpaka anaweza kupata degedege. Gripwota ilitengenezwa na William Woodward, mfamasia wa Nottingham kule Uingereza, mwaka 1851, na kwa miaka mingi ilikuwa na pombe ndani, sasa hapo unashangaa nini watoto kutulia! Nyingi za siku hizi hazina pombe, lakini hakuna ushahidi wa maana kwamba zinatibu kilio hiki, na mtoto chini ya miezi sita hatakiwi kupewa chochote zaidi ya ziwa isipokuwa dawa aliyoandikiwa. Dawa ya mchango hapo mimi ni mkali kidogo mnisamehe. Hakuna anayejua kuna nini ndani ya ile chupa na kipimo ni "kijiko", ini na figo za mtoto wa siku 25 hazijakomaa kusafisha mizizi iliyochemshwa, na tunaowapokea wodini wamelegea baada ya kunyweshwa tunawajua. Na ikitokea mtu mwingine akapita na habari ya kumkata kimeo kwa sababu mtoto analia sana, mlango huo ufunge kabisa, watoto wanakufa kwa kutoka damu.

Cha kufanya kikifika saa moja usiku. Mmalizeni kumuogesha mapema, taa ziwe hafifu, tivii izimwe au ishushwe. Anyonye kila anapotaka bila kuangalia saa. Akiachia na analia, wewe baba ndo zamu yako, vua shati mlaze kifuani kwako akiwa na pampasi tu, kanga juu ya mgongo wake, tembea naye korido au varandani kwa mwendo wa polepole, unguruma chochote, hata taarabu. Mcheulishe. Akianza kutafuta ziwa tena mrudishe kwa mama, akimaliza mchukue. Siku zingine atanyamaza, siku zingine utafanya yote na atalia vile vile mpaka saa nne, na hiyo haina maana umekosea. Ukihisi hasira inapanda, na itapanda siku moja, mlaze chali kitandani kwake bila mto, toka nje dakika tano, kunywa maji, rudi. Usimtikise kamwe hata kwa mzaha, shingo yake haijakaza na ubongo unaweza kuvuja damu ndani kwa kutikiswa sekunde chache tu.

Kuhusu sebuleni. Najua habari ya kubemenda ina nguvu na sitaki mama yako aonekane mjinga, wazee walikuwa wanaona kitu cha kweli: mtoto wa nyumba fulani anakonda, hatembei, amelegea, na mara nyingi mama yake alikuwa ameshika mimba nyingine mapema akamwachisha ziwa, au mtoto alikuwa na kifua kikuu, au hakuwa anapata chakula. Wakatafuta chanzo wakakiweka kitandani kwa wazazi. Tendo la ndoa haligusi maziwa, mbegu haziingii kwenye ziwa. Faida ya miiko ile ilikuwa mama apumzike na mimba zipishane, na hilo bado tunalitaka, kidonda cha operesheni na mji wa mimba vipewe kama wiki sita, na mkienda kliniki ya wiki ya sita ulizeni uzazi wa mpango. Lakini kulala chumba kimoja na mke wako siyo kumkaribia. Ukilala sebuleni usiku mzima unamwacha mtu aliyepasuliwa tumbo siku 25 zilizopita ainuke peke yake mara tano usiku. Rudi chumbani leo.

Sasa mke wako. Siku za mwanzo baada ya kujifungua homoni zinaporomoka ghafla, wanawake wengi sana wanalia lia siku ya tatu, ya nne, ya tano bila sababu, na ndani ya wiki mbili inaisha yenyewe kwa kupumzika na kubembelezwa. Wako ameshavuka hizo wiki mbili. Halafu angalia ulivyoandika mwenyewe: halali hata mtoto akilala, hali, anajificha kulia, anajiona siye mama anayefaa. Mama mchovu wa kawaida ukimchukulia mtoto lisaa limoja anazima kama mshumaa. Anayeshindwa kulala hata akipewa nafasi tunamwangalia kwa jicho lingine, hiyo inafanana na sonona baada ya kujifungua. Mimi sijamwona siwezi kumpa jina la ugonjwa kutoka huku, ila dalili zinatosha kumpeleka. Shirika la Afya Duniani linakadiria karibu wanawake 13 kati ya 100 waliojifungua wanapata shida ya akili, zaidi sonona, na kwenye nchi zinazoendelea inafika karibu 20. Siyo uvivu, siyo kukosa dini, siyo kwamba hampendi mtoto. Tena akina mama wengi wenye hali hii wanahangaika na mtoto kupita kiasi, ndo hao wanaokesha wanasikiliza kama anapumua.

Ile sentensi ya "angepata mama mwingine" naomba usiipite. Leo usiku, mtoto akiwa kwa bibi, kaa naye peke yenu umuulize kwa maneno ya wazi: "umewahi kuwaza bora usiwepo? umewahi kuwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto?" Kuuliza hakumpi mtu wazo, kunamtua mzigo. Akikuambia ndiyo, au ukiona anasikia sauti, anaongea vitu visivyoeleweka, hana usingizi kabisa siku mbili tatu lakini ana nguvu za ajabu, anamshuku kila mtu, msisubiri asubuhi, nendeni hospitali usiku huo huo na asiachwe peke yake wala na mtoto hata dakika. Hiyo ya kusikia sauti na kuchanganyikiwa ni nadra, mmoja au wawili kati ya wanawake 1,000, lakini ni dharura sawa na kutokwa damu.

Akisema hapana, kesho kliniki bado ipo pale pale. Mwambie muuguzi moja kwa moja, "sista, mke wangu hana raha, halali, analia", usiposema watampima mtoto watawaruhusu, foleni zetu unazijua. Waombe wapime wingi wa damu, maana operesheni inapoteza damu na mtu mwenye upungufu anakuwa hoi kama huyu wako, wamwangalie kidonda, wampime presha. Kuna dodoso la maswali 10 la kuangalia dalili za sonona kwa mama aliyejifungua, linaitwa la Edinburgh, limekuwepo tangu 1987, linajibiwa dakika chache, ulizia. Wakiona haja watamwelekeza hospitali ya rufaa ya mkoa, na Muhimbili kuna idara ya magonjwa ya akili. Inatibika. Wengine kwa ushauri tu, wengine kwa dawa, na zipo dawa za sonona ambazo mama anatumia huku ananyonyesha, kwa hiyo asije akakataa kwa kuhofia maziwa.

Wakati huo huo anahitaji usingizi kuliko anavyohitaji nasaha. Nataka apate masaa manne mfululizo kila usiku. Mfano anyonyeshe saa nne usiku kile kilio kikiisha, apande kitandani, wewe au bibi mchukue mtoto chumba kingine, akiamka badilisheni pampasi, mbembelezeni, mpaka ashindikane kabisa ndo apelekwe kwa mama, mama anyonyeshe amelala, akimaliza mtoto anachukuliwa tena kucheulishwa. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imekupa baba siku 3 tu za likizo ya uzazi, nazo ni ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe, kwa hiyo zimeshapita (siku tatu za nini, lakini hiyo ni mada nyingine). Kama una likizo ya mwaka chukua hata wiki moja sasa hivi, itakusaidia kuliko ukiichukua Desemba.

Na mama yako. Huyo ni msaada mkubwa, amelea na watoto wamekua akiwemo wewe, ukimrukia kwamba hajui kitu atanuna na atakayeumia ni mke wako. Nitumie mimi, mwambie "mama, sista wa kliniki kakataza, tumsikilize mpaka wiki ya sita". Mpe kazi ambazo hakuna anayemzidi, supu, mtori, uji, kumkanda mama mgongo kwa maji ya moto bila kugusa kidonda, kumuogesha mtoto. Mwambie pia mbele ya mke wako yasisemwe tena maneno ya maziwa mepesi. Hilo useme wewe, asiseme mke wako, ni mama yako. Na kesho ukiweza nenda naye kliniki aione mizani kwa macho yake, mizani inamaliza ubishi ambao wewe ungeubeba mwezi mzima.

Mtoto mwenyewe mkimbizeni hospitali muda wowote, bila kusubiri kesho, mkiona amekataa kunyonya au ananyonya kwa shida, amelegea haamki, amepata degedege, anapumua haraka mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia au kifua kinabonyea ndani, joto limefika 37.5 au zaidi au amepoa chini ya 35.5, anatapika kijani, kitovu kimekuwa chekundu na kinatoa usaha, au ameanza kuwa wa njano mpaka viganjani. Kilio nacho kikibadilika, kikawa cha sauti ya juu kama anafinywa na hakikomi mchana wala usiku, au analia kilio cha chini kama anaguna, hicho siyo cha jioni tena. Kwa mama ni homa, kidonda kuvuja au kunuka, damu nyingi inayolowesha pedi ndani ya saa moja, kichwa kuuma sana na macho kuona giza, mguu mmoja kuvimba na kuuma. Mkikwama usafiri kuna namba 115 ya m-mama, ni bure na iko kwa ajili ya mama aliyejifungua na kichanga.

Kesho beba kadi ya mtoto, pampasi mbili za akiba, na kitu cha mke wako kula kwenye foleni. Kopo usinunue kwanza. Mkishapima niandikie uzito na walichosema kuhusu mama, na ikiwa wamempima mtoto tu wakawaruhusu niandikie vile vile, nitakuelekeza mwende wapi.